Miguu Yangu Ndiyo Haijaelewa



Leo hatuandiki habari za hina wala udi. Leo tuna ugomvi, na tunauanzia nyumbani kwetu wenyewe.

Biharusi mmoja wa hapa kisiwani aliolewa akamfuata mumewe Songea. Mnaoijua safari hiyo mnajua: boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi zaidi ya kilomita 900, Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, ndipo uingie Ruvuma. Alifika mwezi wa Juni, baridi inauma. Hana mama karibu, hana shangazi, hana somo. Ana simu tu, na kwa simu hiyo akatutafuta.

Tatizo lake tunalitaja kwa staha, kwa sababu wengi mnalo na mnalificha. Kila mumewe alipomkaribia, mwili ulijifunga. Mapaja yanakaza, pumzi inakatika, maumivu kama ya kuchomwa. Mume anampenda, na yeye mwenyewe anataka. Miezi mitatu, unyumba haujawa.

Tulimpa nini? Maneno. Tukamwambia avute subira, azungumze na mumewe, azidishe dua, aondoe wasiwasi. Kila wiki tulikaa naye kwenye simu saa nzima. Akimaliza anacheka, na usiku ule ule mambo yanarudi palepale. Mpaka siku moja akatwambia: "Dada zangu, yote mnayoniambia nimeyaelewa. Miguu yangu ndiyo haijaelewa."

Tuliona haya, na bado tunaona. Ndiyo maana tunasema wazi: ushauri wa mtandaoni unaoshughulika na mdomo na kuusahau mwili ni nusu ya ushauri, na wanawake wanalipia bei nzima.

Wenzetu wa upande wa pili nao wasitucheke. Wapo wanaouza video za kupumua na kujinyoosha, "fanya hivi siku saba utapona", bila kumuuliza mwanamke hata swali moja: ulifundishwa nini kuhusu mwili wako? Nani alikutisha? Kuna jambo lilikupata utotoni? Hiyo nayo ni nusu. Na wapo wa tatu, wepesi wa kusema ana jini mahaba. Ruqya ni haki na hatuikatai. Tunachokataa ni kumtia mtoto wa watu hofu mpya juu ya hofu aliyonayo. Hali hii madaktari wanaijua, wanaiita vajinismasi: misuli ya ukeni inajikaza yenyewe, mwenyewe hataki. Si kiburi, wala si kumkataa mume.

Sasa msituambie kwamba kuushughulikia mwili ni mambo ya kizungu. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka, aliomba afunikwe. Akafunikwa mpaka hofu ikamtoka. Ndipo akamweleza Bi Khadija yaliyomkuta, na Bi Khadija akamtuliza kwa maneno yake. Tazameni mpangilio ule: mwili ulitulizwa kwanza, maneno yakafuata, na vyote viwili vikawa ndani ya nyumba moja. Na ni yeye aliyemfundisha mwenye hasira, akiwa amesimama, akae, isipomtoka, alale. Hakuanza na hotuba. Alianza na magoti na mgongo.

Na somo wetu je? Alimsugua mwari singo, akampaka liwa, akamkanda mabega, na huku mikono inafanya kazi mdomo unafundisha. Mwari aliuliza maswali ambayo asingeyauliza akiwa amekaa kitako anatazamwa usoni. Tulichofanya sisi wa simu ni kuyachukua maneno ya somo na kuiacha mikono yake.

Wataalamu nao walifika huko huko. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliandika mwaka 1958 juu ya kumfundisha mtu kulegeza misuli kwanza, kisha kumsogeza hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa. Karibu na sisi, Moshi na Bungoma kule Kenya, watoto yatima walisaidiwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, wasio madaktari. Watoto walifundishwa kulegeza mwili na pia kusimulia msiba wao, na katika maeneo matatu kati ya manne njia hiyo ilishinda msaada wa kawaida.

Mtasema: kwenye simu mwili utaufikiaje? Unafikika. Mshauri mzuri anaanza kwa kukukalisha: mgongo ukutani, nyayo sakafuni, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Anakuuliza hofu iko wapi: kooni, tumboni au mapajani? Ndipo mnazungumza. Sauti ikianza kutetemeka anasimamisha maneno, mnarudi kwenye pumzi. Na mnakubaliana mapema: bando likiisha au mtandao ukikatika katikati ya jambo zito, nani anampigia nani, na nani yuko karibu nawe.

Shikeni na mipaka. Maumivu yaonwe kwanza na daktari au mkunga, na Songea kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, simu haipimi. Mshauri wa kweli haombi uvue hata mtandio. Kazi yote hii inafanyika ukiwa umejistiri na kamera imezimwa. Anayekutaka umwoneshe mwili wako, mfute na umfungie. Na ikiwa mume anakupiga au anakulazimisha, usitafute mazoezi ya kulegea. Mwili unaojikaza mbele ya hatari hauumwi, unakulinda. Hapo kinachotakiwa ni usalama wako na watu wazima wa kusimama nawe.

Biharusi wetu alikwenda hospitali, akapimwa, hakukutwa na kidonda wala ugonjwa. Tukamtafutia mshauri anayejua yote mawili, na sisi tukarudi kwenye nafasi yetu ya udada. Mumewe aliambiwa asiharakishe, na Allah amlipe, hakuharakisha. Haikuwa wiki moja wala mwezi mmoja. Juzi katutumia ujumbe mfupi: "Miguu imeelewa." Tulilia.

Kwa hiyo biharusi, kabla hujatuma pesa kwa mshauri yeyote wa mtandaoni, muulize swali moja: mwili wangu ukikataa, utanifanyia nini? Akikujibu "tutaongea tu", mshukuru, kisha tafuta mwingine. Na akina somo mliobaki, tunakuombeni: msituache na simu peke yetu. Tufundisheni ile kazi ya mikono yenu kabla haijapotea.

Wabillahi tawfiq.