Wasia Uliopitwa na Wakati

Katika Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, mna jambo ambalo wengi hulipita bila ya kulitia maanani: wasia wa mdomo, ujapotamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, kwa raia wa kawaida hauna nguvu ila mwenye kuusia akifariki kabla ya kupita miezi mitatu, ilhali wasia wa maandishi haukuwekewa muda wowote, na uliotiwa saini miaka thelathini nyuma huja mahakamani kwa heshima ile ile ya uliotiwa saini jana. Sababu haifichiki: kumbukumbu za mashahidi hufifia. Lakini hali za watu hubadilika sawasawa kwa aliyesema na kwa aliyeandika, na hapo ndipo ninapoona kuwa hati kongwe, kwa vile inavyoaminiwa, yaweza kudhuru kuliko kukosekana kwa wasia. Maana asiyeusia, walau sheria humgawia mali yake kwa jamaa alio nao siku ya mauti.

Chukua mtu aliyemwandikia bintiye shamba na mwanawe wa kiume nyumba ya mjini, kisha akaliuza shamba ili alipe karo za wadogo waliozaliwa baadaye. Binti hapati kitu, kwa kuwa kilichousiwa hakipo. Na wale wadogo, wasiotajwa popote, shurti waende mahakamani kwa kifungu cha 26 kuomba fungu katika mali ya baba yao, tena kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, kwani baada ya hapo mlango umefungwa.

Watasema wengine kwamba sheria na ijirekebishe yenyewe. Imejaribu, ila kwa upande mmoja tu: ndoa hutangua wasia uliotangulia, isipokuwa ule ulioandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo, lakini talaka haitangui, hata mtalaka aliyekwisha kuolewa kwingine aweza kubaki mwenye nyumba katika karatasi iliyosahauliwa sandukuni. Uingereza humhesabu mtalaka kuwa alitangulia kufa, ila wasia ukisema vinginevyo, na Bunge letu lingefaa kuufuata mwendo huo. Zaidi ya hapo sipendi lifike. Kuuwekea wasia wa maandishi tarehe ya kuisha kungemdhulumu mzee aliyeandika akiwa na akili timamu, kisha maradhi yakamnyang'anya akili hizo asiweze kuuhuisha.

Waislamu, ambao tangu 1990 mirathi yao imeondolewa katika Sheria ya Urithi, hudhani hawahusiki, kwa kuwa faraidhi hugawa kwa walio hai siku ya mauti, na wasia haupiti thuluthi wala hauendi kwa mrithi pasipo ridhaa ya wenziwe. Lakini mwana akifa kabla ya baba yake, akaacha yatima, wajukuu hao hawarithi kitu madhali ami zao wako. Thuluthi ndiyo njia yao, na babu asipoiandika baada ya msiba huo, haitaandikwa.

Kisha yako mafao ya uzeeni na akiba za vyama vya ushirika, ambazo aghalabu hazipiti katika wasia hata kidogo, bali hufuata jina lililojazwa kwenye fomu ya mteuliwa, mara nyingi siku ya kwanza ya kazi, na kijana asiye na mke wala mtoto, aliyemwandika kaka yake. Kuibadilisha ni kujaza nyingine tu. Wasia mpya, ujapokuwa na mihuri yote, hauibadilishi.