Nyumba ilipanda magurudumu, majirani je?

Wadau, kama hamjaiona video ya tarehe 21 Februari 2021 kutoka San Francisco, Marekani, itafuteni. Nyumba nzima ya mbao, ya ghorofa, na madirisha yake yote, inakatiza barabarani juu ya magurudumu! Watu wamejaa pembeni na simu zao utadhani kuna harusi.

Ilijengwa miaka 139 kabla ya siku hiyo, enzi za Malkia Victoria, ndiyo maana nyumba za aina hiyo huitwa za Kivictoria. Ilikuwa 807 Franklin Street. Mji ukakua, kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba. Mwenyewe akapanga jengo la ghorofa nane, makazi 48. Badala ya kuibomoa ile ya zamani, akaihamisha mitaa sita mpaka 635 Fulton Street.

Si mchezo. Ofisi zaidi ya 15 zilihusika na vibali. Mita za maegesho ziling'olewa, matawi ya miti yakakatwa. Mwendo haukuzidi kilomita 1.6 kwa saa, tena kuna mteremko njiani. Gharama yote na ada zake, kama dola 400,000.

Wengi walishangilia. Na mimi nilishangaa, ila nina neno.

Mji ule ule ulishafanya hivyo mwaka 1974. Nyumba kama 12 za Kivictoria zilipakiwa kutoka eneo la Western Addition zikapelekwa kwingine. Hizo ndizo zilizopona. Mpango wa serikali wa "kuboresha" eneo hilo ulibomoa nyumba kama 2,500 za namna ile. Kaya 4,729 zikatolewa, biashara 883 zikafungwa. Walioumia zaidi ni Wamarekani weusi wa Fillmore, mtaa uliovuma kwa klabu za jazi mpaka ukaitwa Harlem ya Magharibi. Waliohamishwa walipewa vyeti vya kuwapa kipaumbele wakitaka kurudi. Wengi hawakurudi hadi leo.

Hapo ndipo ninapokwama. Nyumba ilipata mafundi, vibali na ulinzi wa njiani. Mpangaji alipata karatasi.

Nisieleweke vibaya. Ya 2021 si sawa na ya 1974. Hakuna mtaa uliofutwa, na mji ule una shida kubwa ya makazi, kwa hiyo mpango wa nyumba 48 pale ilipokuwa moja si jambo baya. Lakini tusipumbazwe na video. Mbao zinahamishika. Ujirani hauna hati ya kiwanja, hauna mita za mraba, na hakuna trela la kuubeba. Duka la kona, kanisa, klabu ya muziki, jirani anayekulelea mtoto: hivyo vikishatawanyika, havirudi kwa winchi.

Kwa hiyo mji ukikua, tusiulize tu kama jengo limepona. Tuulize nani amebaki na ufunguo wake.

Nawasilisha. Mnasemaje wadau?