Mgeni wa Süleymaniye Apewe Jembe

Nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na sisi wenyewe tunaojiita waandishi chipukizi. Kijana wetu akipata bahati ya kupita Istanbul, akapanda kilima mpaka Msikiti wa Süleymaniye, akirudi anatuletea nini? Kuba kubwa ajabu, minara minne, "nilipigwa na butwaa". Basi, kwisha! Jamani, mtu amevuka nchi zote hizo kwenda kutuchukulia butwaa?

Vipimo tunavijua. Msikiti ulianza kujengwa 1550, ukafunguliwa 1557, kwa amri ya Sultani Süleyman, na msanifu wake ni Mimar Sinan. Kuba lake limepaa kiasi cha mita 53. Haya yamo katika kila kijitabu cha watalii. Kiongozi niliyemfuata mimi aliyakariri kama kasuku, kisha akaanza kutuswaga kuelekea duka la mazulia. Nikamwuliza jiko liko wapi. Akacheka. "Jiko gani?"

Jiko gani! Hapo ndipo penye kesi yangu. Süleymaniye haikujengwa iwe msikiti peke yake. Ilijengwa kama kimji cha wakfu: vyuo, hospitali, shule ya utabibu, hamamu, maduka, jiko la umma lililoitwa imareti, na nyumba ya kulaza wasafiri. Mtu alifika na vumbi lake, akapewa chakula na pa kulala, asidaiwe kitu. Desturi ya nyumba hizi za Dola ya Uthmaniya ilikuwa kumkirimu mgeni siku tatu. Sisi kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walimwongezea siku moja, lakini busara ni ile ile: ukarimu una mpaka, na mgeni naye ana deni.

Sasa mgeni huyo alikuwa nani? Hakuwa mtu wa kamera shingoni. Alikuwa mfanyabiashara na mizigo yake, mwanafunzi, maskini mwenye njaa. Hebu toka hapo msikitini, tembea kwa miguu tu mpaka mtaa wa Laleli. Utawakuta wafanyabiashara kutoka pembe nyingi za Afrika, wa Kariakoo wakiwamo, wanabishana bei na kufunga marobota ya nguo. Hao ndio warithi hasa wa yule mgeni aliyeandaliwa kitanda na Sinan. Lakini nani kati yetu amewaandika? Hao kwetu ni wachuuzi. "Msafiri" ni yule aliyepiga picha. Huo ni ulimbukeni, wala tusiutafutie jina la heshima. Tumesoma vitabu vya watalii wa Ulaya tukadhani kusafiri ni kutazama.

Atasimama mtu aniambie: "Wewe bwana, msikiti ni nyumba ya ibada. Mambo ya supu na mishahara waachie wanahistoria." Sikubali hata kidogo. Hati ya wakfu, ambayo ni hati ya dini, ilipanga malipo ya imamu na mwalimu, ikapanga pia ya mpishi na mwosha vyombo. Waliouweka wakfu ule hawakuona haya kumtaja imamu na mpishi katika karatasi moja. Sisi tunaona haya ya nini?

Na zipo daftari za ujenzi. Mwanahistoria Ömer Lütfi Barkan alizichambua na kuzichapisha katika miaka ya 1970. Humo mna waashi, maseremala, wahunzi, na ujira wa kila mmoja. Karibu nusu ya mafundi walikuwa Wakristo. Walikuwamo vibarua wa kulipwa, walikuwamo vijana waliokuwa wakilelewa kwa ajili ya jeshi la Sultani, na walikuwamo watumwa waliotolewa kwenye makasia ya merikebu. Daftari hizi hazimwachii mvivu yeyote nafasi. Anayetaka kuimba utukufu wa Waislamu tu, atamkuta mwashi Mkristo juu ya jukwaa. Anayetaka kusema kila jiwe lilibebwa na mtumwa, atamkuta kibarua kapanga foleni ya mshahara. Na ile supu ya mgeni ililipwa na nani? Sehemu kubwa ya mapato ya wakfu ilitoka vijijini, vingi vikiwa huko Balkani. Yaani mkulima ambaye labda hakuliona kuba lile maisha yake yote ndiye aliyemlisha msafiri asiyemjua. Hiyo si habari? Hiyo haina utenzi ndani yake?

Leo hii mlango wa Süleymaniye bado hauna kiingilio. Ukija kichwa wazi unaazimwa mtandio, unavua viatu, unaingia. Wakati wa sala watalii wanaombwa wapishe, na ni haki. Jiko lenyewe liliwahi kugeuzwa mkahawa, na katika yale maduka ya zamani mbele ya vyuo wanauza maharage na wali. Sisemi vibaya, nimekula hapo, tena nikaongeza sahani. Nasema tu kwamba aliyekuwa mgeni amefanywa mteja, na mteja akishalipa hujiona hana deni tena. Ndiyo maana anaandika butwaa. Butwaa ni stakabadhi ya mtu aliyekwisha lipa.

Mwandishi hana ruhusa hiyo. Baadhi ya vyuo vile tangu 1918 ni maktaba ya miswada, inayosifika duniani kote kwa wingi wa maandiko yake ya mkono. Na inasimuliwa kwamba Sinan alielekeza hewa ndani ya msikiti ili moshi wa taa za mafuta ukusanyike katika chumba juu ya mlango, masizi yake yakatengenezwa wino. Ikiwa pale hata moshi ulitiwa kazini, wewe mwenye kalamu unakaaje bure?

Kwa hiyo nawaambia wenzangu: atakayekwenda, asituletee minara. Atuambie anayefagia zile zulia analipwa na nani. Amwulize muuza maharage kodi ya chumba inakwenda wapi. Akae Laleli siku nzima na mama wa Kariakoo, aandike namna anavyolipigania robota lake lisizidi uzito. Asiporudi na jibu hata moja, basi akae kimya, arudishe na mtandio wa watu.