Kabla Hatujamwaga Zege kwa Shangazi

Najua wengine mlitegemea siasa. Siasa zipo, hazikimbii. Leo naongelea vipepeo, na wa kucheka wacheke.

Joto hili la Januari hapa Dar Jumapili zangu nashinda kwa shangazi, Tabata. Nyuma ya nyumba ana kieneo: mndimu, mpasheni uliopanda ukutani, mipapai miwili. Umeme ukikatika tunatoa viti nje, tunaangalia foleni. Kuna yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Anazunguka mndimu, anagusa jani, anataga yai moja, anahama. Kiwavi wake akiwa mdogo utaapa ni kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoa vipembe viwili vyenye harufu kali. Nimemgusa mara tatu. Kazi ya uandishi hiyo.

Mchana maua ya pasheni yakifunguka wanakuja wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za kenchi. Hakuna anayewapenda. Lakini pasheni ya njano, hii yetu ya pwani, haizai kwa chavua yake yenyewe. Lazima itoke mmea mwingine, na kwetu upo kwa jirani. Nyuki mkubwa akiinama kunywa, mgongo wake unasugua chavua iliyo juu. Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini tu. Na papai? Mtafiti wa Kenya, Dino Martins, ameonyesha kwamba mipapai jike huchavushwa na nondo wanaoruka giza linapoingia (sio nondo za ujenzi, jamani).

Sasa niungame. Mwaka juzi shangazi alilalamika majani ya mndimu yanaliwa. Mimi, msomi wa familia, nikanunua dawa, nikapuliza kila kitu hadi mpasheni, tena saa nane mchana maua yakiwa wazi. Msimu ule tulichuma mapasheni manne. Akamlaumu aliyemuuzia mche, nami nikanyamaza kimya. Na wala haikuwa lazima. Mche mchanga sawa, viwavi wachache wanaumaliza, basi waokote kwa mkono. Lakini mti mzima kama ule unachipua tena wenyewe.

Kilichonifanya niandike ni hiki: binamu zangu wamekubaliana eneo lote limwagwe zege, magari yapate pa kukaa. Nami ndiye niliyetumwa kutafuta fundi. Naelewa, matope ya masika ni kero na gari la mtu limeshakwanguliwa barabarani. Ila sisi watu wa mjini tumeshaamua kwamba uwanja wenye udongo ni umaskini. Tunaziba kote, maji ya mvua yanahamia kwa jirani, halafu tunanunua maua ya plastiki ya kuweka sebuleni. Tunaita maendeleo.

Gari halihitaji eneo lote. Hatua mbili kando ya ukuta zinatosha mndimu, mpasheni na mipapai, na bado gari mbili zinaingia. Nimepima kwa miguu yangu.

Bei ya fundi ninayo tangu Jumanne, sijaipeleka. Jumapili naenda na kamba na vijiti vinne, niwaonyeshe zege liishie wapi. Ila kabla ya kufunga kamba itabidi nimwambie shangazi habari ya ile dawa.