Tairi zenye mshale zisivushwe upande



Naomba nafasi niwakumbushe madereva wa magari ya abiria vijijini. Wengi huhamisha tairi kwa mazoea, gari lolote sawa tu. Hiace husukumwa na magurudumu ya nyuma. Basi tairi za nyuma zije mbele upande uleule, za mbele zirudi nyuma kwa kupishana, ya kulia iende kushoto. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni kinyume chake.

Lakini tairi yenye mshale ubavuni ibaki upande wake, mbele na nyuma tu. Ikizunguka kinyume haitoi maji vizuri barabara ikilowa, na masika ndipo tunapojazana humo na wanafunzi wetu. Naomba askari wa usalama barabarani, wanapokagua kashata, watazame na mshale.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.