Mama anayepandisha bidoni mlimani asile wa mwisho

Katika familia nyingi za eneo la Rutshuru, anayeteka maji, anayeleta kuni na anayebeba maharagi hadi sokoni ndiye anayekula wa mwisho. Baba anapakuliwa kwanza, watoto wanafuata, mama anakwangua chungu. Tunasema ni desturi. Tukipiga hesabu ya nguvu anazotumia, tutaona kwamba desturi hiyo inakula mwili wake.

Nguvu ya chakula inapimwa kwa kilokalori. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu kilokalori 360, na maharagi makavu ya uzito huo huo karibu 340. Fizikia nayo inapima kazi ya kuinua mzigo kwa kuangalia uzito wake na kimo ulichopandishwa. Ukiinua gunia la kilo 50 kutoka chini hadi begani, mita moja na nusu hivi, umefanya kazi ya jouli 735. Kilokalori moja ni jouli 4,184. Kwa hiyo gunia hilo halikufikisha hata robo ya kilokalori moja.

Mwenye mzigo akisikia hivyo anaweza kusema mbebaji hakufanya kitu, amlipe kidogo. Atakuwa amekosea. Kwanza, musuli zinageuza sehemu ndogo tu ya chakula kuwa kazi, karibu moja ya tano au moja ya nne. Nyingine yote inatoka kama joto, ndiyo maana tunatoka jasho. Pili, anayebeba anabeba pia mwili wake. Tatu, katika barabara tambarare mzigo haupandi juu, kwa hiyo vitabu vya fizikia vinahesabu kazi ya kuuinua kuwa sifuri. Lakini musuli hazipumziki: zinakaza na kulegea kila hatua, na kila mara zinachoma chakula.

Sasa tumwangalie mama wa vilima vya Jomba au Busanza. Tuseme ana kilo 50, bidoni ya lita 20 iko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na nyumba yake iko mita 100 juu ya chemchemi. Kupanda peke yake kunamgharimu karibu kilokalori 80. Safari tano ni 400, zaidi ya gramu 100 za unga, na hatujahesabu kushuka, kulima, kutwanga wala kumbeba mtoto.

Si kwamba wanaume hawachoki. Anayesukuma chukudu lenye makala anastahili heshima, na Goma imemjengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini chukudu lina magurudumu, na kwenye mteremko linajiendesha. Mgongo wa mama hauna magurudumu.

Hesabu hii inawahusu pia wanaogawa misaada. Kipimo cha kawaida ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wastani uliopangwa kwa watu wenye kazi nyepesi. Miongozo yenyewe inaruhusu kuongeza pale kazi ni nzito. Inataka pia kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na mahali pa kuteka pasizidi mita 500 kutoka nyumbani. Kwa familia ya watu sita hizo ni bidoni nne na nusu kila siku. Wakaaji wa Rutshuru waliokimbilia Kanyaruchinya mwaka 2022, kwenye mawe ya volkano yasiyoshika maji, wanajua uzito wa bidoni hizo.

Kwa maoni yangu, bomba moja likisogezwa karibu na nyumba ni msaada wa chakula pia, kwa sababu nguvu ambazo zingeishia njiani zinabaki mwilini. Viongozi na mashirika wanaopanga miradi ya maji wapime kimo cha kilima, wasipime umbali tu. Wenye mizigo wasilipe kwa kuangalia kilo peke yake. Waangalie na njia.

Nyumbani hakuna haja ya kungoja mradi. Vijana wa kiume wanaweza kuteka maji leo jioni, na mama anaweza kupakuliwa wakati mmoja na baba, sahani ikiwa imejaa vilevile.