Deni la iniversite: tuhesabu mbele ya kuuza shamba



Matokeo ya egzeta yakitoka, watoto wanamwagiana poda na sisi tunapiga vigelegele. Furaha ikipoa, mtoto anasema: "Mama, nataka kuwa injenieri wa kemia." Jina ni zuri, na majirani wanasema huyo atakula pesa ya kampuni. Hapo mama anaanza kuangalia alicho nacho: shamba la mpunga, mbuzi, akiba ya kikundi. Juma hili tuhesabu pamoja, mbele ya kuuza au kukopa.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Injenieri wa kemia anasimamia namna kitu kinavyogeuzwa kiwandani: mawese kuwa sabuni, maji ya mto kuwa maji ya kunywa, jiwe kuwa shaba. Sisi wa Kabambare tuko karibu na kazi hiyo, kule Namoya. Dhahabu ya kiwanda haioshwi kwa karai. Mawe yanasagwa, yanarundikwa, yanamwagiwa maji yenye sianidi. Dhahabu inayeyuka ndani ya maji yale, kisha inanaswa kwa makaa. Sianidi ni sumu inayoua, kwa hiyo kazi hiyo inataka mtu aliyesoma, na mtu huyo analipwa kuliko wengi wetu.

Lakini tuangalie tarehe. Kampuni ya Banro ilitangaza kwamba Namoya imeingia katika uzalishaji wa kibiashara mwanzo wa mwaka 2016. Mwezi wa Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Hiyo haifiki miaka minne. Masomo ya injenieri ni miaka mitano, tena kama mtoto hakurudia mwaka na walimu hawakugoma. Mtoto aliyeanza mwaka 2016 akiitegemea Namoya, kazi ilisimama hata hajamaliza. Kazi nyingine za namna hiyo ziko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kule shaba na kobalti zinayeyushwa kwa asidi. Ni mbali, na huko atashindana na vijana waliokulia hapo.

Sasa deni. Nchini Kenya kuna bodi ya HELB tangu mwaka 1995. Inamkopesha mwanafunzi mwenyewe kwa riba ya 4 kwa 100 kwa mwaka. Bodi ya Tanzania inakata 15 kwa 100 ya mshahara wa msingi wa yule aliyepata ajira. Kule deni ni la aliyesoma. Kwetu mzigo uko juu ya familia, na mara nyingi ni mama anayedaiwa.

Tena mama anakopa pesa ya muda mfupi kwa jambo la muda mrefu. Mkopo wa kikundi umetengenezwa kwa biashara: unanunua mafuta, unauza, unarudisha kwa miezi mitatu. Masomo hayarudishi kitu kwa miaka mitano. Tuchukue mfano: mama amekopa dola 300 kwa riba ya 5 kwa 100 kila mwezi. Riba ni dola 15 kwa mwezi, dola 180 kwa mwaka, na zile 300 bado ziko palepale. Kwa miaka mitano riba peke yake ni dola 900. Na pesa hiyo ilisaidia mwaka mmoja tu wa mtoto.

Mbele ya kuamua, tuandike mambo matatu kwenye karatasi.

La kwanza, gharama yote. Si minervali tu: chumba, chakula, safari, silabi, na kazi ya mwisho wa masomo. Tuzidishe kwa miaka yote.

La pili, mshahara. Tusiulize juu ya yule mmoja aliyeingia kampuni. Tuulize juu ya kumi waliomaliza pamoja naye: wangapi wana kazi, na walingoja muda gani?

La tatu, kinachobaki. Tuseme kijana analipwa dola 500, anatumia 400 kwa nyumba, chakula na usafiri, anatuma 100 nyumbani. Deni la dola 3.000 lisilo na riba litachukua miezi 30. Tukiongeza mwaka mmoja wa kutafuta kazi, ni miaka mitatu na nusu baada ya diploma. Je, nyumba inaweza kungoja hivyo?

Ikiwa jibu ni ndiyo, mtoto aende, na tumsukume mbele. Tulipe kwa pesa ya mgawanyo wa mwisho wa mwaka na kwa mavuno, lakini shamba libaki. Baba wadogo, mashangazi na wajomba waahidi sehemu yao mbele ya watu. Kwa mpango wa LMD, lisansi ni miaka mitatu na masta miwili. Anaweza kumaliza lisansi, akafanya kazi, kisha akaendelea.

Jambo moja hatulikubali: binti kutolewa sekondari ili kaka yake alipiwe iniversite. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na hapo ndipo wasichana wetu wanaposhushwa. Na kama ni binti anayetaka kuwa injenieri, ahesabiwe kwa karatasi ileile.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kizungumze na kuweka sharti lake: mkopo wa masomo usizidi kiasi gani, na urudishwe kwa muda gani. Mama mwenye mtoto aliyepata diploma alete karatasi yake, tuihesabu pamoja.